Kasi ya Wawili Katika Mbio za Kuogelea na Kukimbia

Ndugu wanamichezo, wakufunzi wenzetu, na ninyi mliofika kwa sababu rafiki amewaambia "twende wote": karibuni, na asanteni kwa kujitokeza. Mada yetu ni mbio za watu wawili za kuogelea na kukimbia. Unaingia majini na viatu mguuni, unatoka majini unakimbia na suti ya kuogelea mwilini, kisha unaingia tena, kisiwa baada ya kisiwa, mpaka mwisho. Hakuna kituo cha kubadilisha nguo. Vifaa unavyoanza navyo ndivyo unavyomaliza navyo.

Kuna jambo tunaliona likirudiwa kila msimu, na kwa kweli linatuuma. Marafiki wawili wanajiandikisha, kila mmoja anafanya mazoezi yake kwa wakati wake, wanakutana siku ya mbio. Wote wako fiti, na bado mbio zinawashinda. Sababu ni kwamba muda unaoandikwa si wako wala wa mwenzako, ni wa timu, na timu inakwenda kwa kasi ya yule aliye nyuma wakati huo.

Tupige hesabu. Mmoja ni mkimbiaji: kilomita moja anaimaliza kwa dakika 5 na sekunde 30, lakini mita 100 za kuogelea zinamchukua dakika 2 na sekunde 20. Mwenzake ni mwogeleaji: mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 50, kilomita ya kukimbia kwa dakika 6 na sekunde 30. Wapeni njia fupi ya kilomita 12 za kukimbia na 3 za kuogelea. Mkimbiaji akiwa peke yake atatumia dakika 136, yaani 66 za kukimbia na 70 za majini. Mwogeleaji peke yake, dakika 133. Wakienda pamoja bila kusaidiana watatumia dakika 148, kwa kuwa nchi kavu wanafuata kasi ya mwogeleaji na majini wanafuata kasi ya mkimbiaji. Wako pamoja, na wako taratibu kuliko kila mmoja wao peke yake. Sasa wafungeni kamba. Tuseme kamba inaokoa sekunde 15 kwa kila kilomita na sekunde 10 kwa kila mita 100: dakika 3 nchi kavu na dakika 5 majini. Wanarudi kwenye 140. Mazoezi ya wawili ni kutafuta hizo dakika 8 na nyingine zaidi, na nyingi haziko kwenye mapafu.

Kabla ya kamba, neno fupi kuhusu chimbuko, maana kanuni zinaeleweka vizuri ukijua zilikotoka. Mchezo huu ulianzia Uswidi mwaka 2002, kwenye funguvisiwa la Stockholm. Watu wanne wa hoteli ya kisiwa cha Utö waliwekeana dau: timu mbili za watu wawili, waende mpaka Sandhamn, kijiji cha kisiwa kingine, kwa kuogelea na kukimbia, na watakaoshindwa walipe gharama ya chakula na malazi. Iliwachukua zaidi ya saa 24. Mwaka 2006 dau lile likageuka mashindano rasmi, ÖTILLÖ, ambayo siku hizi huanzia Sandhamn na kuishia Utö mwanzoni mwa Septemba. Njia inapita visiwa 24 na ina takriban kilomita 70 hadi 75: zaidi ya 60 za kukimbia, 9 hadi 10 za kuogelea. Kipande cha kwanza majini kinakaribia mita 1,750, na kwenye kisiwa cha Ornö mnakimbia karibu kilomita 20 mfululizo. Leo mbio za aina hii zipo katika nchi nyingi za Ulaya, na nyingi zina njia fupi ambazo mtu anayeanza anaweza kuzimudu.

Kwa nini wawili? Kwa usalama. Katikati ya visiwa, kwenye maji ya nyuzi 12 au 14, boti ya uokoaji inaweza kuwa mbali kwa dakika kadhaa, na mtu wa kwanza kujua kwamba umezidiwa ni yule aliye kando yako. Ndiyo maana mbio nyingi zinakataza kuachana zaidi ya mita 10, na mkizidisha mnaadhibiwa au mnaondolewa. Mmoja akiacha, wote wameacha. Kila mwandaaji ana kanuni zake, kwa hiyo zisomeni wote wawili. Usimwachie mmoja akusimulie.

Sasa kamba. Tunayoipendekeza ni ya mpira wa kuvutika, unene wa milimita 5 hadi 8, urefu wa mita 3 hivi ikiwa imelegea. Kila mwisho una kulabu inayofunguka kwa mkono mmoja, na kila mtu ana mkanda kiunoni wenye pete. Kwa anayevuta, pete iwe mgongoni. Kwa anayevutwa, iwe tumboni. Kamba ya kawaida isiyovutika haifai, kwa sababu kila mkono unaopigwa unafika kiunoni kwa mwenzako kama mshtuko, na baada ya nusu saa mgongo wa chini unaanza kulalamika.

Majini anayeogelea vizuri hutangulia. Wa nyuma akae nyuma ya miguu yake, vidole vyake karibu kugusa visigino, pale ambapo maji yamekwisha kufunguliwa. Hapo anatumia nguvu kidogo kwa kasi ileile hata kabla kamba haijakaza. Kamba ikikaza muda wote, ujue wa mbele anakwenda kasi mno, na atalipa baadaye. Ikilegea na kuzama, itanasa mkono wa wa nyuma. Mnayoitaka ni ile inayokaza kidogo na kulegea kidogo kwa kila pigo. Hilo halifundishiki kwa maneno. Linahitaji saa za mazoezi majini mkiwa mmefungwa, mara moja kwa wiki kwa angalau wiki nane.

Wa mbele ndiye macho ya timu. Anainua macho kila baada ya mapigo sita hadi nane, anatazama alama kubwa iliyo juu ya ufuko, mti au nyumba au kilima, kwa sababu bendera ndogo ya kutokea haionekani ukiwa usawa wa mawimbi. Wa nyuma asinyanyue kichwa. Kila akinyanyua, miguu inazama na anakuwa mzigo. Mkiwa kwenye mkondo, elekeeni juu ya mkondo tangu mwanzo. Mita 400 kwa mwendo wa dakika 2 na nusu kila mita 100 ni dakika 10 majini. Mkondo wa kilomita 1 tu kwa saa utakuwa umewasogeza karibu mita 170 pembeni, na kuzirudisha hizo mita 170 dhidi ya mkondo, mkiwa mmechoka, ni kazi kubwa kuliko kipande chenyewe.

Nchi kavu kamba inageuka: mkimbiaji mbele. Inasaidia kwenye barabara na kwenye mwinuko. Kwenye mteremko na kwenye mawe ifungueni, mara zote, bila mjadala. Wa nyuma akijikwaa huku amefungwa anamwangusha na wa mbele, na miamba haina huruma. Msituni nako ifungueni, kwa kuwa itazunguka mti.

Tuje kwenye vifaa, na tuanze na viatu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoponzeka. Raba nene yenye sifongo inakunywa maji. Ipime nyumbani: weka kiatu kwenye mizani kikiwa kikavu, kitie kwenye ndoo dakika 5, kitoe, subiri dakika 1, kipime tena. Kama bado kimebeba maji mengi, tafuta kingine chenye wavu mwepesi na soli inayoshika kwenye jiwe lililolowa. Kamba za viatu ziwe za elastiki au zifungwe mara mbili, maana vidole vilivyopigwa na baridi havifungi kitu. Soksi nyembamba za sufu ni bora kuliko pamba.

Viatu vikiwa mguuni, kupiga miguu hakukusogezi mbele sana, na miguu inashuka. Dawa yake ni boya la mapajani, lile la sifongo ngumu linalobanwa kati ya mapaja. Litobolewe na kupitishiwa mpira unaozunguka paja moja, ili ukitoka majini ulisukume upande wa nje wa paja na kukimbia nalo. Mpira ukibana sana, damu haipiti na paja linakufa ganzi. Ukilegea, boya linateremka hadi gotini. Lijaribuni kwa kukimbia kilomita 5 kamili. Kuzunguka uwanja mara mbili hakutoshi.

Vibao vya mikononi, vile vinavyovaliwa viganjani ili kusukuma maji mengi zaidi, vinaruhusiwa kwenye mbio nyingi, na vinaongeza kasi kwa mwenye mabega yaliyozoea. Kwa asiyezoea ni njia ya haraka ya kuumia bega. Anza na vidogo, mita 200 au 300 tu ndani ya zoezi zima, na uongeze kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ukipanda mwamba, vigeuze vilale juu ya mkono wa mbele ili viganja viwe huru kushika.

Suti ya neoprini, yaani mpira laini unaotunza joto, kwa mchezo huu hukatwa juu ya magoti na zipu yake iko kifuani. Ile ya kawaida ya kuogelea, yenye zipu mgongoni, inakufanya umtegemee mwenzako kila mara ukitaka hewa. Kwenye kipande kirefu cha kukimbia, shusheni suti hadi kiunoni mara tu mnapotoka majini, mikono yake muifunge mbele. Mwili unaokimbia ndani ya mpira unapata joto haraka, na mtu anaweza kuzidiwa na joto siku ambayo maji ni ya nyuzi 13. Kisha, mita 200 kabla ya kurudi majini, vaeni na mfunge zipu mkiendelea kutembea. Pakeni vaselini shingoni, kwapani na ndani ya mapaja. Maji ya chumvi na mshono wa suti vinachubua ngozi kabla hujaanza kusikia maumivu.

Vitu vya lazima hutofautiana, lakini orodha ya kawaida ina filimbi, dira, bendeji ya kubana iliyofungwa isipitishe maji, na kikombe cha kukunja, kwa sababu vituo vya maji havigawi vikombe. Filimbi ifungwe mahali ambapo mkono wowote wa kwenu unaifikia. Na hapa tunaomba msikilize: kila mmoja ajue bendeji ya mwenzake iko mfuko gani. Siku ya kuhitajika, aliyejeruhiwa ndiye mwenye mikono isiyofanya kazi.

Kuingia na kutoka majini kunastahili zoezi lake. Kwenye njia kamili ya visiwa 24 mnafanya hivyo zaidi ya mara 40. Mkipoteza sekunde 30 kila mara, ni dakika 20 zimekwenda mkiwa mmesimama. Utaratibu tunaoufundisha ni huu. Ufuko ukionekana, wa mbele anasema kwa sauti "mita 100". Mkishatoka majini, papo hapo kila mtu anateremsha kofia na miwani: miwani inashuka shingoni, kofia inaingia kifuani ndani ya suti. Zipu inafunguliwa, mikono inaandaa vibao, na kamba inafungwa upya wakati mkimbiaji anapopita mbele. Mkiwa mnatoka maji kuelekea miamba ya Uswidi, msisimame mapema. Ogeleeni mpaka viganja viguse jiwe, kisha pandeni kwa mikono na magoti. Ule mkanda mweusi au wa kijani ulio usawa wa maji ni ukoga, unateleza vibaya sana. Atakayejaribu kuukanyaga akiwa wima ataanguka na kumwangukia mwenzake. Mkikaa kwa makalio na kujisukuma, mnaonekana wa ajabu, lakini mnafika wazima.

Kwa wale mnaotoka pwani yetu, baridi ndiyo kitu ambacho mazoezi ya nyumbani hayawezi kuwapa. Maji ya Mombasa, Dar es Salaam au Unguja hukaa kati ya nyuzi 25 na 30. Ukiingia kwenye nyuzi 13, dakika moja hadi tatu za mwanzo pumzi inakatika yenyewe, na ukimeza maji wakati huo umepata tatizo kubwa. Fikeni siku chache kabla. Ingieni majini mara tano au sita, dakika 2 au 3 kila mara, mkipulizia pumzi nje taratibu. Mshtuko unapungua sana. Siku yenyewe lowesheni uso na shingo kwanza, kisha msubiri pumzi itulie kabla ya kuanza kupiga mikono.

Baridi ya hatari huja polepole, na inampumbaza anayeipata. Anasema yuko sawa. Kwa hiyo usimuulize kama yuko sawa. Kila mnapotoka majini, mwambie aguse kidole gumba kwa kidole kidogo cha mkono uleule. Akishindwa, mikono imeanza kuganda. Muulize jina la kisiwa kinachofuata au kipande kijacho kina urefu gani. Akijikwaa kwenye maneno, akianza kuachwa mahali tambarare, akiacha kutetemeka ghafla ilhali bado ni wa baridi, mbio zenu zimeishia hapo, na ni wewe unayetakiwa kulisema kwa mwamuzi. Kubalianeni jambo hili mapema, mkiwa na akili timamu: mmoja akisema tunaacha, mwingine habishi.

Mazoezi ya pwani yana faida yake, mradi muijue bahari. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu inafika karibu mita 4, na maji yanapopita kwenye milango ya miamba mkondo unakuwa na nguvu ambayo hakuna mwogeleaji wa kushindana nayo. Maji mafu ndiyo wakati wa kujifunzia. Waulizeni wavuvi wa hapohapo, wanajua mlango upi unavuta na saa ngapi. Suti ya neoprini iacheni nyumbani, kwani kwenye maji ya nyuzi 28 itawachemsha. Nguo nyepesi inayobana inatosha. Viatu kwenye miamba ya matumbawe ni vya lazima, kwa sababu ya makali yake na ya wale viumbe wenye miba mieusi mirefu. Kila mmoja avute boya la rangi kali nyuma yake, maana nahodha wa boti haoni kichwa kilicholala majini. Walioko Ziwa Victoria wana hesabu nyingine: kichocho kwenye maji ya ukingoni yaliyotulia yenye majani, na mamba na viboko mahali pengine. Bila neno la wenyeji, msiingie.

Chakula, kwa kifupi. Mbio zikizidi saa moja na nusu, kila mtu anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa; zikiwa ndefu sana, tumbo lililozoezwa linaweza kupokea zaidi. Tende mbili au tatu kubwa, au ndizi mbivu mbili, zinakaribia kiwango hicho. Kuleni mkiwa nchi kavu, dakika chache baada ya kutoka majini, pumzi ikiwa imetulia. Kunyweni kwa kiu na mtie chumvi. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi anapunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, zinafanana na za uchovu. Majini mtu hasikii kiu, kwa hiyo atakayesahau kunywa akumbushwe na mwenzake. Karatasi zote zirudi mfukoni. Kutupa takataka kunaweza kuwaondoa mashindanoni.

Usiku wa kuamkia mbio kaeni wawili, karatasi mkononi. Andikeni kila kipande kwa mpangilio, kukimbia na kuogelea, na urefu wake, na saa ya kufunga kila kituo. Karatasi hiyo ifunikeni kwa plastiki na muibandike juu ya kibao cha mkono, muisome mnapokimbia. Semeni wazi lengo lenu ni nini, maana anayetaka kumaliza tu na anayetaka nafasi hawawezi kufungwa kamba moja. Chagueni maneno machache yatakayosikika kwenye upepo. "Punguza" ni kupunguza kasi. "Kamba" ni kufunga au kufungua. "Simama" ni kusimama hapohapo bila kuuliza. Na anayechoka aseme mwanzo wa kuchoka, wakati bado kasi ikipunguzwa kidogo inatosha. Wengi hunyamaza kwa heshima kwa mwenzao, kisha wanakatika ghafla kilomita 5 baadaye na kumgharimu saa nzima.

Mkishamaliza, kazi ya kumwangalia mwenzako haijaisha. Mwili unaweza kuendelea kushuka joto kwa dakika 10 hadi 30 baada ya kutoka majini. Vueni vilivyolowa, vaeni vikavu kuanzia juu, kofia ya sufu kichwani, chai ya moto yenye sukari mkononi. Anayetetemeka asikimbilie maji ya moto bafuni. Mishipa inafunguka, presha inashuka, anaanguka. Akae na mtu.

Vifaa vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ileile. Suti ikaushwe kivulini, ndani ikiwa nje, kwani jua linaukausha mpira na kuupasua. Kamba ikague pale inapoingia kwenye fundo la kulabu: ukiona mistari myeupe ya nyufa kwenye mpira, kata sehemu hiyo ufunge upya, au nunua nyingine. Haitakatika nyumbani, itakatika katikati ya mkondo.

Kamba, vibao, maboya na suti mbili viko pale mezani. Njooni wawili wawili, mfungane, mjaribu kukimbia kuzunguka ukumbi, na maswali muyaulize mkiwa mmefungwa.